Jicho Lililoacha Kulia

Mimi kukaa sijui. Mama yangu kule Muleba alikuwa akisema nilizaliwa nimesimama, na mume wangu husema hata chakula nakula kama mtu anayepigiwa honi nje. Nina duka la dawa za mifugo Nyakasimbi, huku Karagwe, duka la mlango mmoja, na nina stashahada ya afya ya wanyama. Nusu ya siku nauza dawa za kuogesha na chanjo za kuku. Nusu nyingine niko juu ya pikipiki, naingia migombani kwa watu, mkono wangu umezama ndani ya ng'ombe wa mtu. Watu wananiita daktari. Mimi si daktari. Zamani nilikuwa nawasahihisha, kisha nikachoka, kisha nikazoea.

Huku kwetu farasi hakuna. Ng'ombe wapo, mbuzi wapo tele, lakini farasi wengi wetu tulimjua kwenye picha za shule ya Jumapili, amepandwa na askari wa Farao. Kwa hiyo mzee mmoja wa Ihanda, mfanyabiashara wa kahawa aliyestaafu, mtu wa kwetu Muleba kama mimi, alipoteremsha farasi kutoka kwenye lori, siku hiyo ilikuwa sikukuu. Alimnunua kwenye shamba moja la kusini lililokuwa linafungwa. Jumapili watu walitoka ibadani wakapanda kilima moja kwa moja, na nguo zao nzuri, kwenda kumwona embarasi. Ndivyo anavyoitwa kwa Kinyambo, lugha ya huku. Alikuwa jike, rangi ya kahawa iliyokaangwa, na miguu mirefu hadi wazee wakawa wanacheka tu bila sababu.

Mzee huyo, tajiri tunavyomwita, alikuwa na wazo la harusi: bwana harusi aingie ukumbini juu ya farasi, mambo mapya, watu wapige picha. Farasi alipandwa mara mbili. Mara ya pili bwana harusi alitua mgongoni kwa mpiga picha, na habari ya harusi ikaishia hapo. Tangu hapo farasi akawa wa kutazamwa. Asubuhi tajiri anakaa barazani na kikombe chake, anamtazama akila majani, roho yake kwatu. Mimi sikumlaumu. Kuna watu wananunua gari na hawapati raha ile.

Aliyemtunza alikuwa mzee mwingine, Mnyambo wa Mabira, aliyechunga ng'ombe wa watu tangu utoto na hakuwahi kuwa na ng'ombe wake mwenyewe. Yeye na mkewe walikaa kwenye kijumba cha vyumba viwili ndani ya uzio wa tajiri. Shamba lao la Mabira walikwisha kuwagawia watoto, wakabaki bila hata shina la mgomba. Kijumba kile ndicho kilikuwa kwao.

Sasa, mchunga ng'ombe wa huku hukaa na ng'ombe kwa maneno. Humsifu, humtungia sifa za pembe na mwendo, na ng'ombe husimama akasikiliza. Yule mzee hakuwa na maneno ya farasi, nani anayo? Akawa anamsifu kwa yale ya ng'ombe. Nilimkuta siku moja anampiga mswaki mgongoni huku anamwambia kwamba pembe zake zinakwaruza mawingu.

"Mzee," nikamwambia, "huyu hana pembe."

"Yeye hajui," akanijibu.

Kiangazi kile farasi akakanyaga msumari wa bati. Tajiri alikuwa Bukoba kwenye msiba, na yule mzee ndiye aliyenipigia simu. Nikafika, nikakuta kwato la nyuma limevimba na limepata moto, mnyama anasimama kwa miguu mitatu. Niseme ukweli wangu hapa: chuoni farasi tulisomeshwa siku mbili, na siku ya pili mwalimu alikuwa na mafua. Dawa ya kumtuliza sikuwa nayo. Nikainama kushika mguu. Alinirushia teke likapita karibu na sikio langu, nikasikia upepo wake.

Mimi hasira zangu ziko karibu. Badala ya kwenda kukaa kidogo na kufikiri, nikapiga kelele, "Mlazeni! Mlazeni kama ng'ombe!"

Wakaja wanaume watatu wa jirani na kamba. Tukamzungushia kifuani na tumboni kama tunavyofanya kwa dume la ng'ombe, tukavuta, akaenda chini kama gunia la maharage. Haya. Ng'ombe akishalala, mtu mmoja hukaa shingoni akashika pembe, na kichwa hakiendi kokote. Huyu pembe ziko wapi? Kichwa kile kirefu kikawa kinapiga ardhi, paa, paa, vumbi jekundu linaruka, na mimi kisu kiko mkononi na siwezi kuanza.

"Mzee, weka goti!" Nikamwonyesha kwa kidole: nyuma ya taya, chini kidogo ya sikio la kushoto.

"Hapo, daktari?"

"Hapo hapo. Kandamiza, usimwachie mpaka niseme."

Alinitazama kidogo, kisha akaweka goti.

Nilichukua nusu saa, labda zaidi. Nilichimba lile kwato mpaka usaha ukatoka, nikasafisha, nikamwaga dawa, nikafunga kwa gunia safi na mpira wa ndani wa baiskeli. Kazi nzuri, hata leo nasema ilikuwa kazi nzuri. Farasi akainuka, akatikisa mwili, wanaume wakashangilia. Nikaondoka pale naimba ndani ya kofia ya pikipiki.

Baada ya siku mbili mzee akapiga simu. "Daktari, embarasi anacheka upande mmoja."

Nikaenda. Kweli, mdomo ulikuwa umeanguka upande, na sikio la kushoto limelala. Nikasema ni uvimbe wa kuangushwa, utaondoka. Jicho la upande uleule lilikuwa jekundu na linatiririka machozi. Nikatoa ile dawa ya kupaka ya macho ya ng'ombe, ninayouza kila wiki, nikampa mzee tyubu nzima na maelekezo. Huku kwetu jicho bovu la ng'ombe ni jicho linalolia. Hilo tunalijua wote, mimi, wafugaji, mpaka mtoto anayetumwa dawa dukani: linalia, ni bovu, limeacha kulia, limepona. Sijawahi kukutana na mtu aliyeuliza zaidi ya hapo.

Siku ya nne akapiga tena. "Limeacha kulia, daktari. Kavu kabisa."

"Basi amepona, mzee! Acha dawa."

Nilikuwa Omurushaka sokoni, nimesimama kwenye fungu la nyanya. Sikwenda kumtazama. Nilikata simu nikaendelea kuchagua nyanya zangu.

Haikufika wiki, simu ikaja ya tatu, na sauti ya mzee ilikuwa ndogo. "Daktari, sijui nikwambieje. Jicho linanitazama kama sahani isiyooshwa."

Pikipiki niliiendesha vibaya siku ile. Nilipofika nikalichungulia. Jicho halikuwa na mng'aro wowote. Lilikuwa na ukungu, na pembeni umekusanyika uchafu mzito, wa kijivu, kama uji uliolala. Na kope hazikufumba. Nzi alitua palepale juu ya jicho, akatembea kutoka upande mmoja hadi mwingine, na farasi hakupepesa. Nimeona mengi katika kazi hii, nimetoa ndama waliokufa vipandevipande, lakini yule nzi mpaka leo ananisumbua.

Nikampigia mwalimu wangu wa chuo, yule yule wa mafua, daktari wa kweli. Akaniuliza kama nimepima machozi. Napima kwa kitu gani, nikamuuliza, kwa kijiko? Akaniambia nitafute karatasi ya kuchujia. Nikakimbia shule ya sekondari ya jirani, mwalimu wa kemia akanipa vipande viwili bila kuuliza, nikavikata vyembamba kama alivyonielekeza, nikakunja ncha na kuiingiza chini ya kope. Jicho la kulia: sijafika hata kumi na tano nikihesabu, karatasi imelowa yote. La kushoto nilihesabu mpaka sitini. Karatasi ikatoka kavu kama nilivyoiweka.

Nikampigia tena. Simu niliiweka juu ya nguzo ya uzio, sauti imefunguliwa, kwa sababu mikono yangu miwili ilikuwa usoni kwa farasi. Mzee alikuwa amesimama upande wa pili, ameshika kamba. Mwalimu akaeleza polepole. Kuna mshipa wa fahamu unaopita chini ya sikio. Huo ndio unaoinua sikio, unaoshika mdomo, unaofumba kope, na amri ya machozi nayo inapitia huko. Mshipa umebanwa. Jicho halifumbi na halilowi, linakauka kama samaki juani, na likiachwa litatoboka. "Niambie," akasema, "karibuni aliwahi kulazwa? Kichwa kilishikwaje?"

Nililiona goti. Nililiona kama nalitazama, na kidole changu kinachoonyesha.

"Sijui," nikasema. "Nitauliza."

Mzee alikuwa na kazi yake. Alikuwa anamchambua farasi majani kwenye manyoya ya shingo.

Tajiri akatoka ndani, maana alikwisha kurudi kutoka msibani, akanisalimu kwa Kihaya, lugha ya kwetu Muleba, kama kawaida yetu, akauliza mnyama wake amepatwa na nini. Nikamjibu kwa Kihaya hicho hicho. Nikasema inaonekana kichwa kilibanwa. Labda ni kamba, nikasema. Labda ni namna alivyofungwa. Sikutaja mtu. Haikuwa lazima, kwani aliyekuwa akimfunga farasi pale alikuwa mmoja tu.

Tajiri akamgeukia yule mzee, sasa kwa Kiswahili, kwa sauti ya kusikika hadi jikoni. "Mzee, jicho hili likipofuka, wewe na mama mnarudi Mabira. Nimemaliza."

"Nimesikia, tajiri," mzee akasema.

Na mimi? Nikafunga mkoba wangu. Mawe, mama yangu! Nikafunga mkoba, nikavuta zipu mpaka mwisho, nikasema nitarudi kesho.

Dawa ya kwanza ilikuwa machozi ya kununua. Nilikwenda duka la dawa za binadamu Kayanga kuulizia matone ya macho makavu, mengi, chupa zote walizonazo. Binti wa dukani akauliza mgonjwa ana miaka mingapi. Tisa, nikasema. Maskini, mtoto, akasema. Nikamwambia ni farasi, akarudisha chupa rafuni, tukabishana mpaka mwenye duka akaja. Nilirudi nazo kwenye mfuko wa koti nikizishika kwa mkono mmoja njia nzima.

Matone yale yalitakiwa kila baada ya saa mbili, toka alfajiri hadi giza likiingia, kisha mafuta mazito ya kulaza jicho. Mzee hakuwa na saa. Nilimtegea kengele kwenye kile kisimu chake cha tochi, na kila ikilia aliacha chochote, hata kijiko mdomoni, akatoka. Hakumfunga tena yule mnyama. Alikuwa anaegemea bega lake, anaanza maneno yake ya pembe na mawingu, mkono unapanda taratibu mpaka kwenye kope, tone, tone, basi. Mimi nikijaribu, farasi anainua kichwa hadi siwezi kufika. Ilibidi nisimame pembeni kama mgeni.

Siku zile sikuweza kufanya kitu kikakaa sawa. Nilimuuzia dawa ya minyoo ya mbuzi mtu aliyekuja kununua chanjo ya kuku, na aliporudi kulalamika nikamfokea yeye. Nilifungua duka, nikafunga, nikafungua tena. Mchana nikiwa Nyakasimbi nawaza Ihanda, nikifika Ihanda nataka kuondoka. Nilijitungia sababu za kwenda: nimeleta pamba, nimesahau mkasi, nilikuwa napita. Nilikuwa napita wapi, jamani, na njia ile inaishia pale? Kila nilipopanda kile kilima nilisema, leo nitasema. Naingia, shikamoo mzee, marahaba daktari, nachungulia jicho, nasema endelea hivyohivyo, natoka. Mume wangu akaniuliza, "Una nini wewe?" Nikamwambia sina kitu, mbona ananichunguza kama polisi. Akaenda kulisha mbuzi.

Nilikuwa naogopa. Nitasema wazi niliogopa nini. Niliogopa watu wa Karagwe nzima kusikia kwamba yule mwanamke wa dawa amempofusha farasi wa tajiri. Nani angeniita tena kwa ng'ombe wake? Nilijiambia jicho likipona hakutakuwa na cha kusema, mzee atabaki kwenye kijumba chake, maneno yataisha yenyewe. Kwa hiyo nililipigania lile jicho kama lilikuwa langu, na watu wakanisifu kwa moyo wangu. Hizo sifa zilikuwa zinanichoma. Jioni tajiri ananipigia: "Binti yangu, jicho vipi? Mungu akubariki, waitu, mtu wa kwetu." Nami naitikia amina.

Mwalimu akasema machozi ya chupa peke yake hayatatosha, kope zishonwe kidogo pembeni ili jicho lipate kivuli chake. Akanitumia dawa ya kutuliza kwa basi, na akanionya kipimo cha farasi si cha ng'ombe. Hili nalo nilikuwa silijui. Farasi akasimama ameinamisha kichwa, nusu usingizini, na yule mzee akakipokea kichwa kizima mikononi mwake, kikalala kifuani kwake. Nikachoma ganzi. Nikashona theluthi ya nje ya kope, juu na chini, nikiweka vipande vidogo vya mpira wa dripu chini ya uzi usikate ngozi. Uso wangu na wa mzee ulikuwa karibu kiasi cha kusikia pumzi yake, na hakunitazama hata mara moja, alikuwa anatazama sindano. Nilipokata uzi wa mwisho akasema, "Umeshona vizuri, daktari." Nilikwenda nyuma ya migomba nikatapika.

Zikapita siku nyingine. Machozi ya kwake hayakurudi upesi, ila ule uji ukapungua. Kisha katikati ya jicho pakatokea doa jeupe. Nilituma picha kwa mwalimu, akajibu kwamba ni kovu, kidonda kinafunga, ni habari njema. Mimi nikafurahi peke yangu dukani. Lakini tajiri naye alikuwa amechungulia asubuhi hiyo, na mtu wa kawaida akiona jicho limekuwa jeupe anajua jambo moja tu. Hakunipigia mimi. Alimwita mzee akamwambia Jumamosi aondoke.

Nilifika Ijumaa saa tisa, sijui lolote. Mlangoni kwa kijumba palikuwa na mikeka imekunjwa, sufuria zimetumbukizwa moja ndani ya nyingine, na kuku wawili wamelala chini wamefungwa miguu. Mke wa mzee alikuwa amekaa kwenye kizingiti anafunga nguo ndani ya shuka. Nikamuuliza kuna safari? Akasema, "Si ni lile jicho, mwanangu. Limekufa. Tunakwenda Mabira." Nikamuuliza Mabira kwa nani. Akasema, "Tutaona tukifika."

Ala! Miguu ilinipeleka yenyewe. Niliingia sebuleni kwa tajiri sijapiga hodi. Alikuwa anatafuna buni za kahawa, kama wazee wa kwetu, na kusikiliza redio. Akanisukumia kikapu kidogo cha buni, karibu, tafuna. Nikamwambia sitafuni. Nikasimama katikati ya zulia lake na buti zangu za matope, nikasema yote, na nikayasema kwa Kiswahili, kwa sababu kwa Kihaya nilikwisha kusema uongo. Nikasema jicho halijafa, lile jeupe ni kovu. Nikasema kamba haikuhusika. Mimi ndiye niliyeamuru farasi alazwe kama ng'ombe, mimi ndiye niliyeonyesha kwa kidole goti likae wapi, mimi ndiye niliyesema amepona nikiwa sokoni. Nilikuwa najua tangu siku ya simu ya mwalimu. Nikangoja anifukuze.

Alicheka. Wallahi alicheka, kicheko kizuri cha mzee aliyeshiba. "Binti yangu! Na ndiyo umekuja umevimba hivi? Mtaalamu naye ni mtu. Makosa ya kazi hayo, waitu. Kaa chini unywe chai."

"Na yule mzee?"

"Abaki, si umesema si yeye." Akaongeza sauti ya redio kidogo. "Mwambie ukitoka."

Nilitoka uso unaniwaka. Siku zote zile nilikuwa nimeogopa kitu ambacho kwangu hakikuwapo. Kosa lile lile, goti lile lile: mimi nilipewa chai, mwenzangu alifungishwa mizigo. Na nililijua, bwana. Mahali fulani ndani yangu nililijua tangu siku nilipojibu kwa Kihaya, ndiyo maana nilijibu kwa Kihaya. Nilitamani angenitukana.

Jicho halikupotea, niliseme hilo. Nyuzi nilizitoa baadaye, sikio likainuka, mdomo ukarudi karibu wote. Doa lipo, na machozi yake ni nusu. Asubuhi na jioni anawekewa matone hadi leo, na ataendelea kuwekewa maisha yake yote. Anaona. Ukipita upande wa kushoto na ndoo ya pumba, anageuka kabla hujafika.

Ila siku ile ya Ijumaa tulikuwa hatujui hayo. Nilimkuta mzee nyuma ya kijumba, kengele ya saa kumi imelia muda si mrefu, ameegemea bega la farasi na chupa iko mkononi. Kesho yake anaondoka, na leo bado anaweka matone kwa wakati.

"Mzee," nikasema, "nimemwambia tajiri ukweli. Ni mimi niliyesema uweke goti pale. Hamwondoki tena."

"Hatuondoki," akarudia, kama anayepima neno.

"Nimekukosea, mzee wangu. Naomba unisamehe."

Alifuta ncha ya chupa kwa kitambaa safi, kama nilivyomfundisha. "Siku ile uliponionyesha kwa kidole," akasema, "nilijua hapo si mahali. Hata ng'ombe hakandamizwi hapo. Goti lenyewe lilikataa. Ndiyo maana nikakuuliza."

Hasira zikanipanda, Mungu anisamehe, hata pale. "Sasa mbona hukukataa?"

"Wewe ndiwe daktari."

Farasi alipiga mguu chini kufukuza nzi.

"Na mwalimu wako alipouliza kichwa kilishikwaje," akaendelea, "mimi nilikuwepo, masikio yangu ni mazima. Nikasema moyoni, sasa atasema. Hukusema. Nikasema labda kesho. Ukaja kesho, ukachungulia jicho, ukaondoka. Nikasema ana haraka leo, atasema kesho."

"Mbona hukumwambia tajiri mwenyewe?"

"Nani angeniamini, mimi na wewe?" Hakusema kwa uchungu. Alisema kama mtu anayeeleza njia ya kwenda kisimani.

"Zimekuwa siku kumi na tisa," nikasema.

"Kumi na tisa," akakubali. "Nilikuwa nahesabu."

Akainua chupa, tone likaanguka nje, shavuni kwa farasi. Sikuwahi kumwona akikosa.

"Njoo unishikie kichwa, binti yangu," akasema. Hakuwahi kuniita hivyo kabla, wala hajaniita daktari tena tangu siku ile. Nikasogea. Farasi akavuta pumzi, akataka kuinua shingo, mzee akamnong'oneza, akatulia. Nikapitisha mkono wangu nyuma ya taya, kuelekea chini ya sikio.

"Si hapo," akasema.

Nikauondoa.